Yule Mzee Hakuwa Tilda Swinton

Tangu asubuhi mnanitumia picha za mbwa, kwa hiyo nimeelewa kuwa jamaa yangu ameshaimwaga hadithi ya yaliyonikuta sinema. Sawa. Ila ametia chumvi mahali pawili. Kwanza, sikulia. Pili, yule mtoto hakuniita mjinga. Aliniita anko.

Mengine yote ni kweli, tena ni mabaya kuliko alivyosimulia, maana yeye hakuwepo. Yeye alikuwa ukumbi namba tatu, ule wa tiketi zetu. Mimi na dada niliyemwalika tulikuwa namba mbili. Kisa chenyewe ndicho hicho, mwenye haraka zake aishie hapa.

Mlio nami siku nyingi mnaujua msimamo wangu kuhusu uigizaji, na mnisamehe nikiurudia, kwa sababu ndio ulioniponza. Mimi nawagawa waigizaji mafungu mawili. Kuna wanaong'aa na kuna wanaopotea. Denzel Washington anang'aa. Nampenda, Training Day ya 2001 nimeirudia hadi naweza kuigiza kikohozi chake, lakini Denzel hata umvishe gunia, akipiga hatua mbili unajua ni Denzel. Wanaopotea ni kabila jingine kabisa. Christian Bale alipunguza kilo zipatazo 28 kwa ajili ya The Machinist ya 2004, akabaki mifupa na macho, na mwaka uliofuata tu alikuwa ni Batman, kifua kama kabati. Charlize Theron kwenye Monster ya 2003, hata mama yake angempita njiani. Gary Oldman akawa Churchill mwaka 2017, mashavu yote yale, na Oscar wakampa. Lupita Nyong'o kwenye Us ya 2019 amecheza watu wawili, na sauti ya yule wa pili mpaka leo naisikia nikizima taa. Waliomnyima hata uteuzi wa Oscar sijawasamehe na sina mpango huo.

Na mimi, ndugu zangu, najisifu kwamba hawa wanaopotea huwa nawakamata. Nawatambua kwa mikono, kwa masikio, kwa namna ya kumeza mate. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatangazia hilo bila kuombwa na mtu.

Sasa juzi kulikuwa na filamu mpya ya majasusi. Sitaitaja, haina kosa. Fununu zilisema ndani yake yumo mwigizaji mkubwa aliyejibadilisha sura hadi hatambuliki, na kumjua ni nani ndiyo nusu ya utamu. Nikasema hiyo ni yangu. Nikamwalika yule dada mnayenitania naye, jamaa yangu naye akajialika mwenyewe, akatangulia kutushikia viti.

Hapa lazima nieleze kanuni zangu mbili. Ya kwanza: sitazami trela wala sisomi mabango. Trela siku hizi inakusimulia filamu yote hadi mazishi. Nataka kuingia nikiwa mtupu. Ya pili: simu ukumbini inazimwa. Si kutetema. Inazimwa. Jamaa yangu alinipigia mara saba jioni ile, nimeziona baadaye.

Tulichelewa kidogo. Mhudumu mlangoni akaangalia tiketi, akatuelekeza, na mimi maelekezo nikayasikia nusu, kwa sababu nilikuwa katikati ya kumweleza dada ubaya wa trela. Nilisikia "mlango wa". Tukaingia mlango wa.

Safu ya mwisho kabisa, viti vya tisa na kumi, vitupu, vinatusubiri. Jamaa hakuwepo. Nikasema ameenda msalani.

Kwenye skrini kulikuwa na ukungu, kilima, na mzee mmoja anatembea na mbwa wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Hakuna anayesema kitu. Dada akanong'ona, "Mbona jina la filamu halijatokea?"

Swali zuri. Nilifurahi sana kuulizwa. Nikamweleza kwamba waongozaji wakubwa hawana haraka na jina. Christopher Nolan kwenye The Dark Knight ya 2008 na Inception ya 2010 ameliweka mwishoni kabisa. Subiri, nikamwambia, litakuja.

Jina lilikuwa limepita dakika nne kabla hatujaingia.

Dakika kumi zikapita, mzee na mbwa. Mzee anachana mbwa manyoya. Mbwa anamtazama mzee. Nikaanza kazi yangu. Nikamkagua yule mzee kuanzia nywele hadi vidole, na moyo ukanipiga paa. Ile mikono! Mirefu, myembamba, haina uzee. Nikamwinamia dada, kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya serikali:

"Yule mzee ni Tilda Swinton."

Msinicheke kabla hamjanielewa. Tilda Swinton ni mwanamke, lakini kwenye Suspiria ya 2018 alicheza daktari mzee, mwanaume, kabandikwa uso mzima, na kwenye orodha ya waigizaji wakaandika jina la mzee ambaye hajawahi kuzaliwa. Ni jambo la kweli kabisa! Ndiyo shida ya kujua mambo. Asiyejua kitu angeona mzee na mbwa, akasema, huyu ni mzee na yule ni mbwa. Mimi sikuwa na bahati hiyo.

Dada akamtazama mzee kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe!" Kile kikumbe nikakipokea kama sifa. Leo nikikikumbuka nakisikia tofauti.

Ukumbi ulikuwa na watoto. Si wawili watatu, watoto tele, wengine wamepakatwa. Hilo nililiona, nisije nikasingiziwa upofu. Nililiona na nikatoa maoni: wazazi wa siku hizi hawajali, wanaleta watoto kwenye filamu ya majasusi. Dada akasema, "Wataota usiku." Nikamwambia ndiyo, hasa mambo yakianza.

Mambo hayakuanza. Mzee akaumwa, mbwa akabaki mlangoni. Hapo nikagundua ukosi wa mbwa. Ulikuwa na kibati cha buluu, na kamera ilikaa pale kwenye kibati sekunde tatu nzima. Mwongozaji haweki sekunde tatu bure. Nikamwambia dada: siri iko kwenye kibati. Mbwa ndiye mjumbe. Mzee anajifanya mgonjwa ili mbwa avuke mpaka.

"Mpaka gani?" akauliza.

"Watatuonesha."

Kisha, na hapa naomba mvute pumzi kama nilivyovuta mimi, mbwa akaongea.

Akaongea kwa maneno. Mdomo ukachezacheza, akasema, "Nitakurudisha nyumbani, babu." Ukumbi mzima ukashangilia. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza kama sekunde tano, kichwani ninazungusha kila filamu niliyowahi kuitazama, natafuta mahali pa kumweka mbwa anayeongea kwenye filamu ya majasusi. Nikapata! Nikamwinamia dada.

"Tumeingia kichwani mwa mzee. Haya yote anayawaza. Ni kama Fight Club ya 1999, sisemi zaidi, kuna watu hawajaiona."

Kwenye kiti cha mbele yetu kulikuwa na kichwa kidogo chenye mabutu mawili. Kile kichwa kikageuka polepole. Binti wa miaka sita, labda saba. Alikuwa ameweka viwiko juu ya mgongo wa kiti kama hakimu, na kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa akasema:

"Anko, huyo ni mbwa tu. Anaongea kwa sababu hii ni filamu ya mbwa."

Mama yake akamvuta, akaniomba radhi. AKANIOMBA RADHI. Nikamwambia haina neno, watoto ndivyo walivyo.

Sasa mtu mwenye akili timamu hapo angeinuka. Hata mimi kuna kitu kilinigusa kifuani, ubaridi mdogo. Lakini nilishasema mengi mno. Nilikuwa nimemtaja Tilda, nimemtaja Nolan, nimevusha mbwa mpaka. Unarudije?

Dakika hiyohiyo mhudumu akaingia na tochi. Akapanda ngazi safu kwa safu, akatufikia, akanimulika miguuni. "Samahani kaka, naomba kuona tiketi."

Mnajua ilivyo. Mtu uliyekwisha kutetereka ndani huwa unatafuta pa kusimamia kidete. Nikaona nimepata. Nikainuka.

Nisaidieni kulipata umbo la ukumbi. Sisi tuko safu ya mwisho, mashine inamulikia kutoka nyuma yetu, juu kidogo ya vichwa. Mimi ni mrefu. Nilipoinuka, nusu ya filamu ikazimika. Kwenye skrini, pale kilimani, pembeni ya mbwa, kikatokea kichwa changu. Kikubwa kama nyumba. Masikio yote mawili, na upande wa kushoto ule unywele ambao huwa haulali.

Sikukiona mara moja, kwa kuwa nilikuwa namtazama mhudumu. Nilisikia tu ukumbi umenyamaza, kisha sauti za watoto zikaanza chini chini, "jitu, jitu, kuna jitu." Nikadhani ni filamu. Nikainua mkono wenye tiketi ili nisomee kwenye mwanga, na kwenye skrini ukainuka mkono wa jitu, umeshika kitu. Mbwa, kwa mpangilio wa waliomtengeneza, akabweka upande ule ule. Watoto wakapiga mayowe ya raha. Mmoja akanipungia. Sijui ni nini kilinipata, nami nikashusha mkono haraka, na ile kushusha ikaonekana kama nimempungia. Wakapunga wote.

Na mimi nimeshaanza kusoma. Kwa sauti. Kwa ile sauti ya mtu mwenye haki yake.

"Safu ya mwisho. Kiti cha tisa na cha kumi. Saa moja na nusu. Ukumbi namba..."

Tochi ilikuwa imetua palepale kwenye namba. Namba tatu ile ilikuwa imechapwa kubwa, nyeusi, imekolea, mtu hawezi kuifananisha na mbili hata akiwa anazama baharini. Niliitazama. Nikamtazama mhudumu. Mhudumu, Mungu ambariki, alikuwa anaangalia pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la watu.

"Rafiki yako anakutafuta ukumbi wa tatu," akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto wa mabutu akageuka tena. "Jitu linaondoka?"

Nikasema ndiyo.

Nimejaribu kujifariji. Mwaka 2014 mtangazaji mmoja wa televisheni Marekani alimchanganya Samuel L. Jackson na Laurence Fishburne, hewani, huku Jackson mwenyewe anamtazama, na alisulubiwa palepale. Nimekuwa nikimcheka yule bwana miaka yote hii. Lakini yeye alichanganya watu wawili ambao kweli ni waigizaji. Hakuchanganya ukumbi.

Tulipotoka nje, mlangoni pa namba mbili, kulikuwa na bango lenye urefu wa mtu mzima. Mbwa wa kahawia, sikio jeupe, ulimi nje. Dada akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Hili nililiona tunaingia," akasema.

"Uliliona?"

"Eeh. Na dakika ya kumi nikawa nina hakika."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaendelea vizuri."

Yaliyofuata ni mafupi. Ukumbi wa tatu tukaukuta umebakiza robo saa, aliyejificha sura ameshajifichua, na jamaa yangu hakutaka kuniambia ni nani. Alitaka tu kujua tulikuwa wapi. Dada akamwambia. Kwa kirefu, mpaka kibati. Tulipofika maegesho tayari nilikuwa jitu kwenye kundi letu lote, na kabla sijalala shangazi yangu alishaniuliza huyo Tilda ni nani na kwao ni wapi.

Nanyi mnaoniuliza kama nimebadili msimamo: sijabadili. Daniel Day-Lewis, mwanaume pekee mwenye Oscar tatu za mwigizaji bora, bado ndiye mkubwa wa wanaopotea, na hilo tutabishana hata leo. Mabango nimeanza kuyasoma, lakini kwa haraka, kwa jicho moja.

Dada alikaa kimya siku mbili. Nikajua ndiyo imetoka hiyo. Jana jioni ujumbe ukaingia. Kumbe alirudi kule ukumbi namba mbili, kamchukua mpwa wake, wakaitazama kuanzia jina hadi mwisho. Aliandika:

"Mbwa kafika nyumbani salama. Kwenye kibati palikuwa na namba ya simu. Tilda anakusalimu."