Kupima sukari bure kwenye mahema: tunaokoa watu au tunahesabu vidole tu?

Kila Novemba 14 ikikaribia, siku ya kisukari duniani, mahema yanasimamishwa viwanjani, watu wanapanga foleni, wanatobolewa kidole, jioni mahema yanakunjwa. Wapo wanaosema hizo hela bora zingenunua dawa, na wapo wanaosema bila mahema watu watazidi kufa na ugonjwa wasioujua.

Kwanza takwimu, maana watu wanazirusha tu. Mwishoni mwa miaka ya 80 utafiti wa vijijini Tanzania ulikuta wenye kisukari kama asilimia 1 ya watu wazima. STEPS ya 2012, ule utafiti wa kitaifa, ikaja na asilimia 9 hivi kwa wenye miaka 25 hadi 64. Halafu Kenya 2015 STEPS yao ikapata kama asilimia 2! Jamani, yaani ukivuka Namanga tu chapati zinabadilika? Kenya walianzia miaka 18 kwa hiyo vijana wengi waliingia, na pia kipimo cha kufunga kinategemea mtu asiwe amekunywa chai asubuhi, hapo nani anamlinda. Kwa hiyo mimi hiyo 9 siiapii, ila kwamba tatizo limepanda sana mijini sioni wa kubisha.

Upande wa mahema wana hoja nzito, shirikisho la kisukari la kimataifa (IDF) 2021 lilikadiria zaidi ya nusu ya wagonjwa Afrika hawajijui. Kisukari cha ukubwani hakiumi, mtu anakaa nacho miaka, miguu inaingia ganzi, anachomwa na msumari hasikii, anakuja hospitali kidonda kimeshaoza na hapo inaongelewa habari ya kukata.

Ila sasa angalia hemani kwenyewe. Mama katoka kunywa chai ya maziwa na maandazi, mashine inasoma 9 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu), anatishwa bure wakati kwa kipimo cha papo hapo, yaani bila kufunga kula, mstari wa kusema una kisukari ni 11.1 tena ukiwa na dalili. Anayefuata anasoma 16, huyu kweli ana shida, anapewa kikaratasi aende zahanati, anafika anaambiwa stripu za kupimia zimeisha. Metformini, vidonge vya kushusha sukari, ananunua mwenyewe, baada ya miezi mitatu hela imekata na anajisikia poa tu, anahamia kwenye majani ya mlonge. Huyo kupimwa kumemsaidia nini?

Mimi nadhani kupima kubaki lakini kuhamie kliniki ya presha na kwa wenye vitambi waliopita 40, palepale dawa zilipo na faili linafunguliwa siku hiyohiyo. WHO (shirika la afya duniani) wenyewe lengo lao la 2030 ni asilimia 80 ya wagonjwa wagundulike, na kati ya hao asilimia 80 sukari yao iwe imedhibitiwa. Ripoti za mahema zinajaa wangapi wamepimwa, lakini wangapi walirudi kliniki mwezi uliofuata hiyo safu mara nyingi haipo kabisa.