Milos: usiishie Sarakiniko, tembea pwani yote

Kila majira ya joto yakifika picha za Sarakiniko zinajaa mtandaoni, yale mawe meupe ya kisiwa cha Milos huko Ugiriki, mtu kasimama juu ya mwamba mweupe, bahari ya bluu nyuma yake, na mi sina ugomvi na hizo picha kwa sababu pale ni pazuri kweli. Ninachokigomba ni ile namna ya kwenda. Watu wanashuka kwenye gari, wanapiga picha, wanarudi kwenye gari wanakimbilia bichi nyingine, wakati kilomita chache tu upande wa mashariki, kwenye pwani ileile, kuna Phylakopi, mji wa zaidi ya miaka elfu nne unaoliwa na bahari ileile iliyochonga hayo mawe wanayoyapenda, na hapo kwenye mji hakuna foleni kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu na nausema kwa moyo wote: anzia Pollonia kwa miguu, elekea magharibi, bahari iwe mkono wako wa kulia, upite kwanza kwenye magofu ndo baadaye uje kwenye mawe. Mpangilio una maana. Ukianza na Sarakiniko, Phylakopi utaiona kama rundo la mawe juani, lakini ukianza na Phylakopi, Sarakiniko hutaiangalia tena kama mahali pa picha tu.

Pollonia ni kijiji cha wavuvi kwenye kona ya kisiwa, boti za kwenda kisiwa jirani cha Kimolos zinatokea hapo. Ukishakiacha kijiji hakuna kivuli tena, ni vichaka vifupi vya miiba na upepo. Kuna vipande utalazimika kutembea kando ya lami maana njia ya pwani haijaunganika vizuri, na hili nalo linaniudhi, kisiwa kinachopokea wageni wengi hivi kingeweza kabisa kuweka njia moja ya miguu yenye alama kuanzia Pollonia mpaka Sarakiniko.

Phylakopi ipo juu ya ukingo wa bahari, imezungushiwa uzio. Waingereza wa shule yao ya akiolojia ya Athens walichimba hapo kuanzia 1896 mpaka 1899, baadaye sana akaja mwanaakiolojia Colin Renfrew na wenzake kati ya 1974 na 1977, wakapata mahali pa ibada penye sanamu za udongo. Mji ulijengwa, ukabomoka, ukajengwa tena juu ya vifusi vyake, na watu waliishi hapo mpaka karibu mwaka 1100 KK. Leo kinachoonekana zaidi ni ukuta wa ngome upande wa nchi kavu, mawe makubwa ya volkano yaliyopangwa, na misingi ya nyumba. Sasa ukizifuata hizo kuta kuelekea baharini, zinakuja vizuri tu mpaka ukingoni afu zinakatika. Hakuna mlango wala kona, ukuta unaishia hewani na chini yake ni maji. Upande mzima wa kaskazini wa mji umeshaenda.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ukiangalia chini miguuni kwako utaona vipande vidogo vyeusi vinang'aa, vingine vyembamba kiasi kwamba ukivielekeza kwenye jua mwanga unapenya pembeni. Hiyo ni obsidiani, kioo cha volkano, wale mliotembea Hell's Gate kule Naivasha jiwe hili mmeshaliona. Ndo lililoifanya Milos ijulikane kabla ya shaba, maana lina makali ya kukata nyama na ngozi. Obsidiani ya Milos imekutwa kwenye pango la Franchthi, Ugiriki bara, kwenye tabaka za zamani kuliko kilimo chenyewe, yaani kuna watu walivuka bahari kuja kulichukua wakati hakuna aliyekuwa amepanda hata punje moja ya ngano nchi ile. Kila nikiliwaza hili nanyamaza. Na tafadhali hivyo vipande viacheni palepale, sheria ya Ugiriki kuhusu vitu vya kale ni kali, na hata kama isingekuwepo sheria, mji huu umeshapoteza vya kutosha.

Kwenye nyumba moja ya hapo walikuta mchoro wa ukutani wa samaki wanaoruka, bluu na njano, sasa hivi uko makumbusho ya taifa Athens. Aliyeuchora alikuwa anaifahamu hii bahari, alishawaona hao samaki wakitoka majini kundi zima.

Jirani kabisa na magofu kuna Papafragas, ambapo bahari imejipenyeza kati ya kuta mbili za mwamba ikatengeneza mkono mwembamba wa maji, na mapango pembeni. Hapo ndo somo lenyewe liko wazi. Mwamba wa pwani hii ni majivu ya volkano yaliyogandamana, ni laini, wimbi linaula kutokea chini, chumvi inaingia kwenye vitundu vya jiwe ikikauka inapanuka inavunja punje kwa punje, upepo wa kaskazini wanaouita meltemi unamalizia, afu siku moja sehemu ya juu inakosa pa kukaa inaanguka. Kwa hiyo msisogelee kingo wala kukaa chini ya mwamba, mawe hapo yanaanguka kweli. Na volkano yenyewe ilitoka wapi? Bamba la Afrika, yaani kipande cha ganda la dunia kilichobeba bara letu, linazama taratibu chini ya eneo la bahari ya Aegean, ndo lililozaa Milos na Santorini na Nisyros. Bara letu lina mkono wake pale.

Ukifika Sarakiniko baada ya hayo yote miguu imechoka na macho yamebadilika. Mawe meupe hayana hata mti, yamelainishwa mpaka yanaonekana kama vitambaa vilivyokunjwa, na ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe mkononi. Ule unga ndo kisiwa kinaondoka. Chini kuna mahandaki ya machimbo ya zamani, na pembeni kidogo baharini kuna mabaki yenye kutu ya meli iliyokwama 2003, inaitwa Africa. Mwanga unapiga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, saa sita mchana sio mahali pa kukaa, nendeni asubuhi au jua likishalala.

Mwaka 2025 kulikuwa na kelele kubwa Ugiriki baada ya ujenzi wa hoteli kuanza karibu na haya mawe, picha za shimo lililochimbwa zikasambaa, watu wakakasirika, serikali ikasimamisha kazi. Nilifurahi sana. Ila najiuliza mbona hasira hiyo inaishia kwenye jiwe linalopendeza kwenye simu? Pwani ya kaskazini ya Milos ni kitu kimoja, huwezi kulinda mwamba mweupe ukauacha mji wa kale ujiangukie kimyakimya, wala huwezi kuwaachia magari yafike mpaka ukingoni afu useme unatunza mazingira.

Mtu wa pwani yetu akisimama Phylakopi lazima aiwaze Kilwa. Mi niliiwaza palepale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia urithi wa dunia 1981, mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya hatari, na moja ya sababu ilikuwa bahari kula ufukwe na kuta za ile ngome inayoitwa Gereza kuporomoka, vikatolewa kwenye hiyo orodha 2014 baada ya kazi kubwa, ikiwemo kupanda mikoko na kujenga kinga za mawe. Wengi wetu tunaamini magofu yanabomoka kwetu kwa sababu hatuna hela. Hela ni kweli inahitajika, lakini nenda ukaone Ulaya nayo inavyopoteza mji mzima kwa wimbi. Tofauti ni kwamba Kilwa tuna mkoko, tuna maji yaliyotulia, tuna kitu cha kupanda kikashika udongo. Milos pwani ile inaangalia kaskazini wazi kabisa, mkoko hauoti kule, na ukimwaga zege kwenye ule ukingo utaua kile kile unachokilinda. Kinachowezekana pale ni kuchimba na kupima na kupiga picha kila chumba kilicho karibu na ukingo kabla hakijaanguka, na kazi hiyo ifanywe sasa, kwa hela za hao hao wageni wanaojaa Sarakiniko. Hata euro moja tu kwa kila gari linalopaki pale ingefanya jambo.

Kwa mtakaoenda: boti zinatoka Piraeus, bandari ya Athens, Septemba joto limepungua na watu pia, beba maji ya kutosha kutoka Pollonia maana ukishaondoka njiani ni shida, vaa raba ngumu sio ndala. Na kabla ya kutembea piteni makumbusho ya akiolojia pale Plaka, mji mkuu wa kisiwa, kuna sanamu ya udongo ya mwanamke iliyotoka kwenye ile sehemu ya ibada ya Phylakopi, kachorwa macho na nyusi, nguo yake ya chini mviringo, bado rangi inaonekana. Wageni wengi humo ndani wanasimama kwenye nakala ya plasta ya sanamu ya Afrodite, mungu wa kike wa Wagiriki, ile ya asili ilipatikana kisiwani hapa 1820 ikapelekwa makumbusho ya Louvre, Paris. Mi ningewaambia mkae zaidi na huyu wa udongo, yeye kabaki kwao.