Nembo mbili, bodi moja

Weka Isuzu Gala na Hino S'elega ubavu kwa ubavu, funika nembo, kisha muulize dereva mzoefu lipi ni lipi. Atababaika, wala hatakuwa na kosa. Tangu 2005 mabasi haya ya safari ndefu ni mapacha. Yanaundwa na J-Bus, kampuni ya ubia iliyoanzishwa na Isuzu na Hino mwaka 2002, kila upande ukishika nusu. Hino walileta kiwanda cha Komatsu, mkoani Ishikawa, Japani. Isuzu wakaleta cha Utsunomiya, mkoani Tochigi. Mabasi ya safari ndefu hutoka Komatsu, ya mjini hutoka Utsunomiya.

Mahasimu hawakuungana kwa mapenzi. Basi kubwa ni biashara ngumu Japani: soko dogo, kazi ya mikono nyingi, na kila mteja ana matakwa yake kuhusu viti, milango na rangi. Fuji Heavy Industries, waliokuwa mafundi wakubwa wa bodi, waliacha kazi hiyo 2003. UD Trucks, zamani Nissan Diesel, nao waliachana na mabasi 2010. Katika mabasi makubwa ya nyumbani zikabaki kambi mbili tu: J-Bus na Mitsubishi Fuso. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ubia uliua ushindani ajiulize kwanza kama pangebaki washindani wa kushindana.

Malalamiko yenyewe si ya bure, lakini. Zamani kampuni ya usafiri Japani iliweza kununua chesisi kwa huyu na kuipeleka kwa fundi bodi mwingine, jambo ambalo mwenye matatu wa Nairobi analielewa vizuri: ananunua chesisi ya Isuzu, halafu anachagua nani wa kumjengea bodi. Mteja wa J-Bus huchagua nembo, na pamoja na nembo wakala na karakana ya kumhudumia. Gari lenyewe limeshaamuliwa.

Ubaya wa mpangilio huo ulionekana Machi 2022, Hino walipokiri kughushi takwimu za majaribio ya moshi na matumizi ya mafuta ya baadhi ya injini zao. S'elega likasimama. Isuzu, ambao hawakughushi chochote katika sakata hilo, wakalazimika kusitisha kupeleka Gala kwa wateja, kwa sababu chini ya nembo yao ilikuwamo injini ya Hino. Mteja aliyedhani amekimbilia kwa jirani akakuta mlango ni uleule.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoulaumu ubia mzima. Bodi haikuwa na tatizo. Chuma, vioo na viti vinaweza kutoka kiwanda kimoja bila kumdhuru mtu. Kilichoponza ni kugawana injini kwenye basi la safari ndefu. Upande wa mjini, Erga la Isuzu na pacha wake Blue Ribbon la Hino, mkondo ulikuwa kinyume: matoleo ya kawaida ya dizeli yalitumia injini ya Isuzu, na hayo hayakuguswa na kashfa. Ubia uleule, matokeo mawili.

Upande wa faida, tazama Erga EV la 2024. Ni basi la umeme lenye sakafu tambarare kuanzia mlango wa mbele hadi viti vya nyuma. Kwenye dizeli injini imekaa nyuma, hivyo abiria wa nyuma lazima apande ngazi, na kwa bibi wa miaka themanini mwenye mkongojo hilo si jambo dogo katika nchi iliyojaa wazee. Hino wanaliuza basi hilohilo kwa jina la Blue Ribbon Z EV. Kuligharimia gari la namna hiyo peke yako, kwa soko dogo vile, ni hesabu ambayo mhasibu yeyote angeikataa.

Mei 2023 mambo yalizidi kunoga: Toyota, waliokuwa wakimiliki Hino, na Daimler Truck wa Ujerumani, waliokuwa wakimiliki Mitsubishi Fuso, walitangaza nia ya kuziunganisha kampuni hizo mbili, na mkataba rasmi ukasainiwa Juni 2025. Maana yake, Hino, mbia wa Isuzu ndani ya J-Bus, anaingia nyumba moja na mshindani pekee mkubwa wa J-Bus. Kampuni ya usafiri iliyozoea kuitisha bei kwa kambi mbili ina haki ya kuuliza sasa hivi, kabla ya zabuni ijayo, ni nani hasa atakayekuwa upande wa pili wa meza.