Viti 15 vya Addis Ababa na sifa zisizokaguliwa

Ukisimama Tunduma, Zambia iko hapo ng'ambo tu, malori yanavuka kwenda Nakonde kutwa kucha. Lakini ndani ya Umoja wa Afrika, Zambia ni Kusini na sisi Tanzania ni Mashariki. Wengi hapa Nyanda za Juu Kusini wanauona mgao huo kuwa wa makaratasi. Si kweli: viti 15 vya Baraza la Amani na Usalama, chombo cha Umoja kinachoshughulikia migogoro barani, hugawiwa kwa kanda.

Magharibi ina viti 4, Kati 3, Mashariki 3, Kusini 3, Kaskazini 2. Sasa piga hesabu. Kusini nchi 10 zinagombea viti vitatu, Kati nchi 9. Mashariki tupo 14, kuanzia Sudan hadi Mauritius, kwa vitatu vilevile.

Hakuna kura ya turufu wala kiti cha kudumu, na hilo ni jema. Wajumbe 10 hukaa miaka miwili, 5 miaka mitatu. Ila anayemaliza anaruhusiwa kugombea tena papo hapo, ndiyo maana Nigeria imekalia kiti cha miaka mitatu muhula baada ya muhula tangu 2004. Cha kudumu kisichoitwa cha kudumu.

Kinachonikera zaidi ni sifa. Kifungu cha 5 cha Itifaki iliyounda Baraza hilo kinataka mgombea awe analipa michango yake, anaheshimu utawala wa katiba na haki za binadamu, na ana ubalozi wenye watu wa kutosha Addis Ababa, makao ya Umoja wa Afrika, na New York, makao ya Umoja wa Mataifa. Hilo la ubalozi si urembo. Uenyekiti huzunguka kila mwezi kwa alfabeti, na mwenyekiti ndiye anayeandaa ajenda. Ubalozi wa maofisa wawili utazidiwa wiki ya kwanza.

Nani anakagua? Kura ni ya siri na inahitaji theluthi mbili, lakini mara nyingi kanda huwa zimeshaelewana pembeni: viti vitatu, majina matatu. Hapo kura inabaki muhuri. Kamisheni, yaani sekretarieti ya Umoja wa Afrika, ingesambaza ukurasa mmoja kwa kila mgombea kabla ya kura, michango na maofisa vikionekana, hata wapiga kura wavivu wangesoma.

Tanzania kuhamia Kusini si dawa. Zambia na Malawi tunakaa nao tayari katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Bora Mashariki idai kiti cha nne, na mimi ningekichukua kutoka Kati.