Karati tunauliza, jiwe hatuulizi

Mwanamke wa Unguja humdanganyi kwa dhahabu. Atauliza karati, atataka iwekwe kwenye mizani mbele yake, na sonara akianza kubabaisha anahamia duka la pili. Lakini mwanamke huyo huyo akionyeshwa bangili ya jedi, kijani kimekolea, anauliza bei tu.

Jedi ni jina la mawe mawili, nefriti na jadeiti. Aliyeyatofautisha ni Mfaransa Alexis Damour, mwaka 1863. Jadeiti ndiyo ya ghali, na iliyo bora hutoka Myanmar.

Wafanyabiashara huipanga kwa herufi. A imekatwa, ikang'arishwa na kupakwa nta, basi. B imelowekwa kwenye asidi mpaka madoa yakatoka, na kwa kuwa asidi huliacha jiwe na vitundu, hujazwa plastiki ya maji ikagandia humo. C imetiwa rangi. Nyingine zimefanyiwa yote. Na hapa ndipo wengi wanapopotea: B si daraja la pili la uzuri. Herufi inaeleza jiwe limefanywa nini, na A inaweza kuwa jiwe la kijivu lisilovutia hata kidogo.

Kwa hiyo muuzaji wa Mji Mkongwe akikwambia, "Hili jiwe la kweli, dada yangu," huenda hasemi uongo. Limetoka ardhini kweli. Ila plastiki iliyomo huweza kugeuka manjano kwa miaka, na ukimpelekea fundi pete aiunge bila kulitoa jiwe, moto wake utaiunguza.

Mwombe lenzi ya kukuza mara 10, sonara hakosi. Angalia kama kijani kimejikusanya kwenye nyufa. Hiyo ni rangi iliyotiwa. Uso ukiwa na mistari myembamba iliyosokotana kama utando wa buibui, shuku asidi. Bangili ining'inize kwa uzi uigonge na sarafu: ya A hulia kengele, ya B aghalabu hufifia upesi. Dalili hizo hazitoshi kutoa hukumu, maana plastiki huthibitishwa maabara kwa kipimo cha mwanga wa infraredi.

Sina ugomvi na kutibu mawe. Tanzanite nyingi ya Mererani hupashwa moto ili ukahawia utoke na buluu ijitokeze, rangi hiyo haichujuki, na sokoni kila mtu anajua. Hata bangili ya B ni pambo zuri la kwendea harusini, mradi nimeilipia bei ya B. Kinachoniudhi ni risiti zetu: "bangili ya kijani, 1", kisha mhuri. Dhahabu inaandikiwa karati na gramu, na jiwe liandikiwe aina yake, kama limetiwa asidi, plastiki au rangi. Anayeuza A kwa bei ya A hana sababu ya kukataa kuandika. Akikataa, mimi natoa bei ya C.