Somo la ugavi limo ndani ya faili la LPO

Mei ikiingia, Enterprise Road ya Nairobi hujaa bahasha za kaki. Kuanzia saa mbili asubuhi vijana wanaosomea ununuzi na ugavi huenda geti hadi geti, hukata Lunga Lunga, huteremka Mombasa Road mpaka Mlolongo, wakiuliza nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo, nakala ya bima na fomu ya kujazwa na kampuni. Mlinzi huipokea, huiweka juu ya nyingine alizopokea jana, na kijana huambiwa atapigiwa simu. Wengi hawapigiwi. Anayebahatika hukabidhiwa siku ya kwanza stepla, panchi na rundo la faili la kupanga kwa tarehe. Baada ya miezi mitatu anarudi chuoni na kitabu kilichojaa mihuri.

Hilo rundo la faili ndilo linaloniuma. Ni somo bora la ugavi kuliko lolote katika jiji hili, na kijana aliyelishika kwa mikono yake wiki kumi na mbili hakuambiwa na mtu yeyote, si mhadhiri si meneja, kwamba alisome.

Fungua faili moja tu. Kuna ombi la idara, kotesheni tatu, LPO (hati ya kuagiza mzigo), hati ya msambazaji, GRN (hati ya kupokea mzigo), ankara. Kila karatasi ina tarehe. Chukua tarehe ya GRN, toa tarehe ya LPO, na umepata siku ambazo mzigo huo ulichukua kufika. Rudia kwa LPO 60 za bidhaa moja na utakuwa na wastani wa siku hizo, pia utajua zinapanda na kushuka kwa kiasi gani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye Eksel anaimaliza kazi hiyo kwa siku tatu, na kampuni nyingi za Industrial Area hazijawahi kuifanya hata mara moja.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu darasani namba hiyo hutolewa bure. Swali la mtihani husema: muda wa kusubiri mzigo ni siku 21, mauzo ya siku ni katoni 40, mkengeuko sanifu wa mauzo, yaani kipimo cha yanavyopanda na kushuka, ni katoni 10, tafuta akiba ya tahadhari, ile ya ziada ili rafu isibaki tupu, kwa kiwango cha asilimia 95. Mwanafunzi anazidisha 21 kwa mraba wa 10, anapata 2,100, anatafuta kipeuo cha pili, anazidisha kwa 1.65, kizidishi cha asilimia hiyo 95. Jibu ni katoni 76. Kiwango cha kuagiza upya, yaani katoni zinazobaki stoo unapotoa oda nyingine, ni 840 (siku 21 mara katoni 40) na 76, yaani 916. Anapata alama zote.

Sasa mpeleke kwenye faili. Wastani ni siku 21 kweli, lakini kuna mzigo uliofika kwa siku 14 na mwingine kwa siku 33, na mkengeuko wa siku zenyewe ni 6. Kanuni kamili inataka uongeze mraba wa mauzo ya siku mara mraba wa mkengeuko wa siku: 1,600 mara 36, ambayo ni 57,600. Jumlisha na zile 2,100, tafuta kipeuo, zidisha kwa 1.65. Akiba ya tahadhari ni katoni 403. Zaidi ya mara tano ya jibu la mtihani.

Tazama maana yake stoo. Anayeagiza akiwa na katoni 916 ana mzigo wa siku 23 hivi. Kontena likichelewa hadi siku ya 27, jambo la kawaida kabisa kwa msambazaji huyu, rafu hubaki tupu siku nne na wateja wamehamia kwa jirani. Na kati ya zile namba mbili alizohitaji, mauzo yanayopanda na kushuka yalichangia 2,100 tu. Kuchelewa kwa mzigo kulichangia 57,600. Kwa mfano huu, meneja anayetumia mwaka mzima kuboresha makadirio ya mauzo bila kugusa tarehe za mizigo anahangaika na kipande kidogo cha tatizo. Mwanafunzi akiligundua hilo kwa data aliyoitoa mwenyewe kwenye faili, hatalisahau. Akiambiwa kwenye slaidi, atalikariri hadi siku ya mtihani.

Halafu data yenyewe itamfundisha mambo ambayo slaidi haina. Atakuta muda wa kusubiri wa siku hasi. Mara nyingi sababu ni tarehe: kompyuta moja imewekwa mtindo wa Marekani, 03/04 imesomeka Machi 4 badala ya Aprili 3. Lakini mara nyingine tarehe ni sahihi na LPO kweli iliandikwa baada ya mzigo kufika, kwa sababu mtu aliagiza kwa simu na karatasi ikatafutwa baadaye. Hilo si kosa la data. Ni udhaifu wa udhibiti, na mkaguzi angelitaka kwa mikono miwili. Atakuta pia LPO moja yenye GRN tatu kwa sababu msambazaji alileta mzigo nusunusu. Achukue tarehe ipi? Kama swali ni lini rafu iliacha kuwa tupu, achukue ya kwanza. Kama swali ni kumpima msambazaji, achukue ile iliyokamilisha oda. Achague na aandike kwa nini. Na atakuta kwamba karibu hakuna mzigo uliopokewa Jumamosi, ingawa malori hushusha Jumamosi, kwa sababu karani huingiza GRN zote Jumatatu. Siku mbili za uongo kwenye kila mzigo wa mwisho wa wiki. Ukweli uko kwenye kitabu cha geti, kwa mlinzi yule yule aliyepokea bahasha.

Akishajua siku zimepotea, ndipo aulize zilipotelea wapi. Kwa mizigo ya nje, avunje safari vipande: oda hadi meli kung'oa nanga, bahari, kushushwa Mombasa, treni ya mizigo hadi bohari ya makontena ya Embakasi, kibali cha forodha, lori hadi godauni, kurudisha kontena tupu. Kila kipande kina karatasi yake yenye tarehe. Mahali panapokwama si siri kwa mtu wa kazi hii. Msimbo wa forodha wa tarakimu nane kwenye hati ya kuingiza mizigo ukitofautiana na maelezo ya ankara, ofisa atahoji na siku zitaenda. Cheti cha ulinganifu kisipotoka kabla meli haijapakia, mzigo utakaguliwa hapa na gharama itapanda. Kontena tupu likicheleweshwa, mwenye meli hutoza kwa dola kila siku. Mwanafunzi aliyepima vipande hivyo kwa mizigo 20 anaweza kumwonyesha meneja kwamba bahari haina hatia, na kwamba siku zao tano zinapotelea katika ofisi yao wenyewe, kati ya hati kufika na wakala kukabidhiwa.

Hiyo ndiyo ninayoiita ushirikiano wa chuo na viwanda. Mikataba ya maelewano inayosainiwa kwa picha na chai, na kamati za ushauri zinazokutana mara moja kwa mwaka, hazijamfundisha mtoto wa mtu kuhesabu paleti.

Na kuhesabu ni somo. Juni 30 mwaka wa fedha wa serikali hufungwa na stoo za umma huhesabiwa, wakati ambapo wanafunzi wengi wako nyanjani tayari. Wapewe kazi hiyo kwa utaratibu wake, wasibebeshwe tu kalamu na karatasi. Siku ya kuhesabu mzigo hauingii wala hautoki. GRN na hati za kutoa zilizobaki bila kuingizwa huingizwa kwanza, na namba ya mwisho ya kila hati huandikwa. Karatasi ya kuhesabia haina takwimu za mfumo, kwa sababu mtu anayeona 240 kwenye karatasi ataona 240 kwenye rafu. Wawili wanahesabu, wawili wengine wanarudia, na hesabu zikipishana wa tatu anaamua. Tofauti zikitokea, mshukiwa wa kwanza asiwe mwizi. Angalia kipimo kwanza: katoni ya vipande 12 iliyoingizwa kama kipande 1. Kisha bidhaa mbili zenye misimbo inayofanana, moja imezidi kwa idadi ile ile ambayo nyingine imepungua. Kisha mizigo iliyoharibika iliyowekwa kona bila hati. Wizi upo, lakini ukianza nao utawatuhumu watu kwa makosa ya karani.

Makampuni yana hoja yao na sitaipuuza, ingawa mara nyingi hutumika kama kisingizio. Bei za wasambazaji ni siri ya biashara. Sawa. Kazi niliyoieleza haihitaji bei hata moja wala jina la msambazaji. Inahitaji safu nne: msimbo wa bidhaa, tarehe ya LPO, tarehe ya GRN, idadi. Meneja anaweza kuzitoa kwenye mfumo kabla ya chai ya saa nne. Usalama wa foklifti nao ni hoja ya kweli. Mwanafunzi asiye na viatu vya usalama na koti linaloakisi mwanga asivuke mstari wa njano, na asiendeshe foklifti hata aombe vipi. Gharama ya kumsimamia pia ipo. Lakini kila mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kampuni ya watu 200 inatoa shilingi 120,000 kwa mwaka, na utaratibu wa kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo upo. Tatizo ni kwamba zoezi lisilo na mpango wala ripoti haliwezi kuitwa mafunzo na mtu yeyote.

Mtaala wa vyuo umeelemea ununuzi wa umma, na nakubali sababu yake. Serikali ni mnunuzi mkubwa, Ibara ya 227 ya Katiba ipo, Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 na kanuni zake za 2020 zipo, asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ipo, na KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi, inatambuliwa na sheria ya 2007. Kijana lazima azijue. Ila mtu anaweza kufuata sheria hizo neno kwa neno na bado akanunua dawa za miezi 18 zenye miezi 9 ya uhai iliyobaki. Sheria humwambia anunue vipi; kiasi gani na lini, hilo ni hesabu.

Mhadhiri ndiye kiungo kilichokatika, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu najua mzigo wao. Anasimamia wanafunzi waliotawanyika kuanzia Ruaraka hadi Athi River, nauli inachelewa, na ziara yenyewe ni nusu saa ofisini: salamu, maswali mawili, sahihi, aondoke. Hajaingia stoo. Mwanafunzi anajua hajaingia stoo. Basi swali la mtihani linalofuata litakuwa na siku 21 zile zile, kwa sababu mtungaji hajaona siku 33 kwa macho yake. Ziara moja ya saa tatu ndani ya godauni, mwanafunzi akionyesha jedwali lake na kadi za stoo mkononi, ina thamani kuliko ziara nne za sahihi. Na data ile iliyosafishwa ibaki idarani. Baada ya miaka mitatu chuo kitakuwa na mizigo halisi ya Nairobi ya kufundishia mwaka wa kwanza, badala ya mifano ya viwanda vya magari vya ng'ambo.

Vyuo pia visiachilie wanafunzi wote katika mwezi ule ule mmoja. Siku mbili kwa wiki kwa muhula mzima zingeipa kampuni mtu wa kufuatilia mizigo kutoka LPO hadi GRN, na mwanafunzi angeona oda moja ikizaliwa na ikifika.

Hakuna kinachohitaji kusubiri mtaala mpya. Barua iliyo ndani ya bahasha ya kaki ndiyo ianze kubadilika, kabla ya Aprili kwisha. Badala ya kuomba tu "nafasi ya kupata ujuzi", iseme: mwanafunzi huyu anaomba safu nne za data ya bidhaa tano za miezi 12, atakabidhi ripoti ya kurasa nne wiki ya kumi, bei na majina havihitajiki, na mhadhiri atakayekuja godauni kuisoma pamoja nanyi ni huyu, na namba yake ya simu ni hii.