Mkimbiaji Asisubiri Baiskeli ya Mbio

Wakimbiaji wengi wanaotamani kuendesha baiskeli barabarani hutoa ahadi moja: wataanza wakishapata baiskeli ya mbio. Nami nilijipa ahadi hiyo kwa muda mrefu, ilhali baiskeli yangu ya milimani ilikuwa imeegemezwa ukutani, matairi hayana upepo na cheni imekauka. Sasa naamini kwa dhati kwamba kusubiri huko hakuna faida, kwa kuwa anachopungukiwa mkimbiaji mwanzoni si chombo cha kasi. Anapungukiwa mapaja yaliyozoea kusukuma pedali na mikono inayojua kushika usukani katikati ya magari, na vyote viwili hupatikana hata juu ya baiskeli nzito.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni mapaja. Unaweza kuwa mtu wa kukimbia kilomita 15 bila shida, lakini kwenye mlima wa kwanza mapaja yanawaka moto huku pumzi ikiwa bado imetulia kabisa. Mguu unapokimbia hufanya kazi kama springi, maana kano ya kisigino huvutika unapokanyaga na kukurudishia sehemu ya nguvu hiyo unaponyanyuka, ilhali pedali hairudishi kitu na kila mzunguko lazima ulipiwe upya na misuli ya paja. Kwa upande mwingine, hakuna kishindo. Hatua ya mkimbiaji huishukia ardhi kwa nguvu inayofikia mara mbili au tatu ya uzito wa mwili wake, na maumivu ya siku ya pili hutokana kwa kiasi kikubwa na misuli kujikaza huku ikivutwa ili kuuzuia mwili usianguke. Baiskeli haina kazi hiyo, ndiyo maana mtu anaweza kupiga pedali saa mbili leo na kesho akashuka ngazi bila kujishika ukutani.

Kuna kitu kimoja ambacho mkimbiaji anacho tayari bila kujua. Hatua 170 hadi 180 kwa dakika, ambazo wakimbiaji wengi wazoefu huzikaribia, ni sawa na kila mguu kukanyaga mara 85 hadi 90, na huo ndio mzunguko wa pedali ambao waendeshaji wazoefu wengi huutumia kwenye barabara tambarare. Anayeanza huvutiwa na gia nzito, akasukuma mizunguko 60 kwa dakika akidhani ndiyo nguvu, na magoti ndiyo hubeba mzigo. Shusha gia mpaka miguu irudie mdundo wako wa kukimbia.

Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua matairi. Tairi la milimani lina upana wa inchi 2 au zaidi na kashata, yaani vinundu vya mpira, zilizosimama, na juu ya lami utalisikia likivuma kama nyuki ndani ya mzinga. Mvumo huo ni jasho lako linalopotea, kwa sababu kila kinundu kinajikunja kinapokutana na barabara. Nilipovalisha rimu zilezile matairi laini ya inchi 1.5 na kuyajaza upepo hadi psi 60 (kipimo cha msukumo wa upepo), baiskeli ilinyamaza, na mteremko mdogo uliokuwa ukinidai pedali ukawa unanibeba wenyewe. Hakikisha tu kipenyo kinalingana na rimu, iwe inchi 26, 27.5 au 29, na usizidishe upepo kuliko kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama shokapu za mbele zina kitufe cha kuzifunga, zifunge.

Kiti kinahitaji uangalifu zaidi ya vyote. Nilikiweka chini ili miguu ifike ardhini, na kwa wiki tatu goti la kulia liliuma kwa mbele, mahali ambapo mbio hazijawahi kunigusa. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu pana ya wayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo. Nilipofanya hivyo maumivu yalikoma.

Sifichi kwamba ukiongozana na wenye baiskeli za mbio kwenye tambarare watakuacha. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na kifua kilichosimama wima hukinga upepo mwingi. Hata hivyo, mtu anayekwenda kilomita 18 au 20 kwa saa hajafika pale ambapo upepo unatawala kila kitu. Kwenye mlima mkali, gia nyepesi za baiskeli ya milimani zinamwezesha kuendelea akiwa amekaa, na magoti yake yanamshukuru.

Lililo zito kuliko kasi ni usalama. Mkimbiaji amezoea kukimbia akitazamana na magari, lakini mwendesha baiskeli hufuata upande uleule yanakoelekea, kwa hiyo hatari inamjia kutoka nyuma. Kugeuza shingo kutazama nyuma bila usukani kuyumba ni ujuzi wa kufanyia mazoezi mahali patupu kabla ya kuingia barabarani, ukiwa umevaa helmeti. Usukani mpana, ulionyooka, wenye breki chini ya vidole muda wote, ni mwalimu mzuri wa kazi hiyo.

Baiskeli ya mbio ninaifikiria bado. Nitaitafuta siku ambayo, kwenye tambarare na gia nzito kuliko zote, miguu itakuwa inazunguka zaidi ya mara 100 kwa dakika na bado nataka kwenda mbele zaidi. Kwa sasa nabadilisha mbio mbili nyepesi za wiki kwa saa moja moja ya baiskeli, na mbio ndefu ya Jumapili naianza nikiwa na miguu iliyopumzika.